MREJESHO: Mdogo wangu aliyebakwa, mshauri tumempata

Wakuu, nilikuja hapa mwezi wa tatu: mdogo wangu wa kike kabakwa, hali chakula, hapati usingizi, na nyumbani wanataka "yaishe kifamilia". Asanteni sana mliojibu.

Nilifuata ushauri wa kumpeleka kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili, hospitali ya mkoa. Polisi wa dawati la jinsia, daktari na ustawi wa jamii wako pamoja, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) tukapewa palepale. Saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU zilishapita, hilo linaniuma mpaka leo. Kapimwa mara mbili, yuko salama.

Mshauri wa kwanza alimuuliza alikuwa amevaa nini. Tukanyanyuka. Wa pili, mama mtu mzima, siku ya kwanza hakumhoji chochote. Alimpa kikombe cha maji baridi akishike, wakawa wanapumua taratibu tu. Sasa wapo kikao cha tisa. Juzi kalala taa imezimwa.

Kesi ndiyo imekwama, jalada halijatoka polisi, na baba mdogo hatusemeshi. Mlioshauri asimulie mbele ya ukoo mnisamehe, hilo sikulifanya. Vikao hatujalipia hata shilingi.