Naomba ushauri: injini imefanyiwa ovahoo lakini bado inavuja oili

Habari zenu wakuu. Nina injini ya petroli ya silinda 4 iliyofanyiwa ovahoo: ringi, beringi na sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) zote ni mpya. Inavuja oili pale inapokutana na gia boksi. Ikiwa silensa, yaani inanguruma tu bila gari kutembea, haidondoshi hata tone. Nikiendesha kwa mwendo mkubwa hadi ipate moto, nikisimama nakuta matone chini.

Nimeiosha injini ikakauka, nikapaka poda sehemu ya nyuma, kisha nikaiendesha. Unyevu ulianzia juu kidogo ya ungio la gia boksi, na hilo ndilo linalonichanganya, kwa sababu sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) iko chini zaidi. Gasketi ya kava ya valvu nimebadilisha, swichi ya presha ya oili ni kavu, na boliti za sampu (bakuli la oili chini ya injini) zimekazwa sawasawa. Fundi anataka tushushe gia boksi moja kwa moja. Ni kazi kubwa, na sitaki tuifanye kwa kubahatisha.

Swali la kwanza: valvu ya PCV (inayopitisha hewa na gesi zitoke ndani ya injini) ikiziba, presha ndani ya injini inaweza kusukuma oili ipite kwenye sili mpya kabisa? Naipimaje bila kufungua kitu?

La pili: tukishusha na kukuta krenki imechimbika pale sili inapokaa, mngevisha bushi nyembamba, au mngeweka sili kwa kina tofauti kidogo ishike sehemu nzima?

Natanguliza shukrani.