Nani kawaambia tanga la windisafu linaoshwa kwa mashine ya kuoshea magari?

Wakuu, habari za saa hizi. Leo povu ruksa. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la michezo, maana siongelei michezo, naongelea mali yangu iliyoharibiwa na watu niliowalipa waitunze.

Iko hivi. Nina matanga mawili ya windisafu, ule mchezo wa kusimama kwenye ubao majini ukisukumwa na upepo kwa tanga, la mita za mraba 4.7 na la 5.3. Niliyanunua kwa Mholanzi mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, yakiwa bado safi. Mwezi wa tatu kaskazi ilipokatika nikayaacha kwenye kituo kimoja cha michezo ya majini huko pwani ya mashariki ya Unguja, nikavuka kwenda Dar kikazi. Makubaliano yalikuwa waoshe, wakaushe, waweke stoo mpaka kusi ishike. Hela ya stoo nililipa mbele, na juu yake wakanichaji kitu wanachokiita "sevisi".

Juni narudi, naletewa matanga yamekunjwa mara nne kama kanga ya dukani. Jamani, tanga hili HALIKUNJWI. Linaviringishwa kuanzia kichwani kushuka chini, likifuata zile fito za faiba zilizomo ndani, halafu linaingia kwenye mfuko wake. Kila mkunjo kwenye ile plastiki ni ufa unaosubiri siku yake.

Nikalifungua la 5.3 hapo hapo barazani. Dirisha, yaani ile sehemu inayoona ng'ambo, lina mistari myeupe ya mikunjo, na pale mistari miwili inapokatana pameshapasuka. Nikapabonyeza kwa kidole gumba, tena taratibu, pakalia "kach" na ufa ukasogea. Mfuko wa mlingoti, yaani ile ala ya ukingoni mwa tanga mlingoti unamopita, unanuka uvundo, ndani madoa meusi ya ukungu na mchanga wa kujaza kikombe. Kapi la chini, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, halizunguki. Skrubu za kukazia fito zimeota kutu. Uzi wa mishono ya pembeni umesimama manyoya.

Nikauliza, mmeosha na nini? Kijana akajibu bila wasiwasi: "Na ile mashine ya presha, bro, ya kuoshea gari. Yale madoa tukayatoa kwa klorini." Anatabasamu, nadhani alikuwa anategemea bakshishi.

Nikamfuata meneja. Meneja ananiambia: "Sheikh wangu, usipaniki. Tanga limezeeka tu hilo, chumvi imelila."

Chumvi imelila! Hapo ndipo nilipopandwa na jazba, na ndiyo sababu ya uzi huu, maana uongo huo nimeshausikia kwenye vituo vingi na watu wanaumeza. Ile plastiki ya tanga ni poliesta, ukoo mmoja na chupa za maji zinazotupwa ufukweni. Mmewahi kuona chupa imeliwa na chumvi? Chumvi inakula vyuma: kapi, skrubu, matundu ya chuma ya kupitishia kamba. Ikibaki kwenye kitambaa inavuta unyevu, na wakati wa masika unyevu huo ndio unaozaa ukungu. Basi, kazi ya chumvi inaishia hapo. Kinachoua plastiki ni jua, ni tanga kuachwa linapigapiga kwenye upepo, ni mikunjo, na ni mchanga chini ya miguu ya watu.

Pita pale kituoni saa saba mchana ujionee. Matanga ya kukodisha yamelazwa mchangani tangu asubuhi, kamba zote zimevutwa, yamekodolea jua hili letu la karibu na ikweta, wateja wako kivulini wanakunywa madafu. Kivuli cha mnazi kiko hatua chache, hakuna anayenyanyua mkono. Mionzi inaikausha ile plastiki mpaka inakuwa kama kioo, halafu siku moja mteja anaanguka juu ya tanga, goti linapenya, anadaiwa fidia ya tanga lililokuwa limeshakufa zamani. Wageni wanalipa kimya kimya, hawajui.

Kinachoniuma zaidi, hatua chache kutoka pale kuna wavuvi wa ngalawa. Mvuvi akifika pwani anashusha foromali, ule mti unaobeba tanga, analikunja tanga lake la kitambaa na kupanda nalo nyumbani kabla hajafikiria chai. Hawezi kuliacha linapigapiga. Watu wa kituo wanamuona kila siku, na bado.

Turudi kwenye presha. Tanga lina maelfu ya matundu ya sindano. Ukilipiga maji ya presha karibu karibu unayapanua yale matundu, unabandua gundi ya kwenye maungio, na pale penye plastiki ya tabaka mbili zenye nyuzi katikati unayasukuma maji ndani. Ufa ukianzia kwenye mstari wa mshono hausimami, unakimbia tundu hadi tundu.

Na klorini? Nikubali, poliesta yenyewe inaivumilia kiasi. Lakini tanga langu la 4.7 ni la mawimbi, pembeni lina zile nyuzi za njano za aramidi, ukoo wa Kevlar, zile za fulana za kuzuia risasi. Klorini inaziua nyuzi hizo, na uzuri wake wote ni nguvu. Hata chuma kisichoshika kutu, ukikiloweka kwenye klorini kinatoboka vidoa vidoa. Sasa mtu anatoa doa la ukungu, anaacha tanga halina mbavu.

Utetezi wao wa mwisho ulikuwa maji. Eti huku maji baridi shida, visima vya chumvichumvi. Ni kweli, nawaelewa wenyeji kabisa. Lakini hebu niambieni, ile mashine ya presha ilikuwa inatema nini, maziwa? Nusu ndoo ya maji baridi ilitosha: unasuuza kapi, skrubu, matundu ya chuma na mdomo wa mfuko wa mlingoti, kwa kikopo na mkono. Doa sugu unapitisha kitambaa laini na sabuni ya kuoshea vyombo, kidogo tu. Mchanga unaung'uta tanga likiwa kavu. Halafu unalegeza kamba ya nyuma, unalegeza ya chini, unachomoa mlingoti, unalianika tanga kivulini pasipo na upepo mkali mpaka mfuko ukauke NDANI, siyo nje tu. Hiyo ndiyo kazi niliyoilipia.

Mlingoti wangu nao siuongelei sana. Hawakuutenganisha vipande viwili, ule mchanga mweupe wa matumbawe, laini kama unga, umegandia kwenye kiungio. Tumevuta watu wawili huku na wawili kule, na hautoki.

Nimeomba walipe nusu ya thamani ya tanga la 5.3 na wabadilishe kapi na skrubu kwa yote mawili. Wamenipa ofa ya kutumia vifaa vyao bure wikiendi moja. Vifaa vyao vipi? Yale matanga ya mchangani?

NYONGEZA: Naona maswali ni mengi, najibu kwa pamoja. Anayesema ninunue jingine: tanga jipya Ulaya ni mamia ya euro, hapo hujagusa usafiri wala forodha. Aliyeshauri nimpelekee fundi wa matanga ya ngalawa: fundi ni hodari, lakini sindano kwenye plastiki iliyokauka ni kuongeza matundu. Linahitaji tepu maalumu ya kukarabatia matanga, pande zote mbili, kwenye sehemu kavu iliyofutwa vizuri. Mwenye roli ya tepu hiyo, Unguja au Dar, anicheki PM, nalipa leo leo. Na wewe meneja, najua umo humu na umeshausoma uzi wote. Jina la kituo sijaliandika. Namba yangu unayo.