Shabiki wa kweli ni yupi: mwenye kadi, mtu wa mzunguko au wa banda umiza?

MzeeWaMzunguko (Temeke)

Wakuu, salaam. Kijiweni kwetu kila baada ya mechi ubishi ni uleule: nani shabiki wa kweli na nani anadandia tu. Mimi ni Simba toka utotoni, ila hapa naomba tuzungumze kwa ujumla. Yanga na wengine wote karibuni.

Naona watu wa aina tatu. Kuna mwanachama: ana kadi, analipa ada, ana tawi lake, mkutano mkuu ukiitwa anakwenda kupiga kura. Kuna mtu wa uwanjani: pengine kadi hana, lakini anakata tiketi ya mzunguko, kule kwenye viti vya bei ya chini, mechi ya saa kumi na moja jioni yeye Uwanja wa Mkapa kafika saa sita, na sauti inamkauka kabla ya mapumziko. Halafu kuna wa banda umiza, lile banda la kutazamia mechi kwenye TV: kiingilio chake anampa mwenye banda, jezi kanunua ya bei chee Kariakoo, klabu haijapata kwake hata shilingi.

Mimi namweka mwanachama juu. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 (jina la Simba lenyewe limekuja 1971) ni klabu za wanachama. Zimepita enzi za wafadhili wa kila namna, wafadhili wakaondoka, matawi yakabaki. Anayelipa ada ndiye anayesimama mahali pa wale wazee. Anayeshangilia bure simfukuzi, ila kumwita shabiki wa kweli nasita. Nyie mnasemaje?

BintiJangwani

Mzee wangu, shikamoo. Kadi ninayo na ada nalipa, lakini siwezi kukubali kwamba kadi ndiyo kipimo.

Kumbuka Yanga ya msimu wa 2018/19. Hela hakuna, kocha Mwinyi Zahera anahangaika na timu, na bakuli linatembezwa mchana kweupe. Tulichekwa nchi nzima. Mimi nilikuwa mzunguko siku moja chombo cha michango kinapita safu kwa safu. Mbele yangu alikaa mama muuza ubuyu, kaweka beseni lake katikati ya miguu. Kadi ya klabu hana, kaniambia mwenyewe. Akafungua fundo la khanga, akatoa noti ya elfu mbili, akaitumbukiza, kisha akaendelea kuimba. Msimu ule tulimaliza nafasi ya pili. Wako wenye kadi ambao mwaka mzima ule hatukuwaona, wakarudi makombe yaliporudi.

Na kwa Mkapa, mzee wangu, unapajua. Watu 60,000 wakiamka pamoja, mgeni hasikii hata filimbi. Ile sauti ada haiwezi kuinunua. Beki akishapoteza mpira mara mbili, mguu unaanza kumwogopesha, na hapo ndipo anahitaji mtu wa kumwimbia jina, maana aliyebaki nyumbani hawezi kumfikia. Kwangu mtu wa uwanjani ndiye wa kwanza, hata kama kiti chake ni cha bei ya chini kuliko vyote.

MnyamaMwanza

Dada, na sisi wa mikoani tufanyeje? Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Nauli ya kwenda na kurudi, pa kulala, siku mbili za kazi zimepotea. Fundi baiskeli atazitoa wapi kila wiki mbili?

Njooni muone banda letu. Umeme ukikatika dakika ya 60, hakuna anayeondoka. Tunachangishana mafuta ya jenereta, na wakati kijana amekimbia na kidumu, mmoja anawasha redio ya simu, wengine kimya tunamzunguka. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga walipotufunga 5-1, kuna watu uwanjani walishaelekea getini kabla ya filimbi. Bandani kwetu tulikaa hadi mwisho, tukasikiliza na uchambuzi wote. Mtu anayelipa ili aumie, akarudi wiki inayofuata akalipa tena, mnamwitaje kama si shabiki?

Kuhusu jezi nakubaliana na mzee. Jezi ya bandia ni kuinyima timu chakula. Mwenye nacho kidogo bora akusanye polepole anunue moja halali, aivae miaka mitatu.

MgosiMkwakwani

Wakuu, wote watatu mmesema ya maana, lakini mnaongea kama nchi hii ina timu mbili tu.

Mimi ni Coastal Union. Tulikuwa mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na nitalisema hilo hadi nizikwe. Sasa sikilizeni yanayotokea Mkwakwani, uwanja wetu hapa Tanga. Simba au Yanga wakija, uwanja unafurika, na waliofurika si wetu. Ni watu wa Ngamiani, wa Chumbageni, wa Makorora, waliozaliwa na kukulia Tanga, wamekuja kumshangilia mgeni. Winga wetu, mtoto wa mtaani kwao, akikokota mpira anazomewa na jirani aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Wiki inayofuata tukicheza na Namungo, unaweza kuhesabu watu jukwaani.

Kipimo changu ni kimoja: wewe usipofika, timu inapungukiwa? Kwa Mkapa akikosekana mtu mmoja hakuna anayejua. Mkwakwani tukikosekana ishirini, ngoma haipigwi, kapu la mlangoni linapwaya, na kipa anasikia kila neno la mpinzani. Kwa hiyo wa kadi, wa mzunguko na wa banda kwangu wako sawa, kama wote wameiacha timu ya nyumbani ife njaa.

Na msiniambie haiwezekani. Mbeya City walipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, Mbeya ikawafuata, Uwanja wa Sokoine ukajaa, watu wakakodi mabasi kwenda nao mikoani. Msimu wao wa kwanza kabisa walimaliza wa tatu. Mkoa uleule, Tukuyu Stars walitwaa ubingwa 1986. Watu wakiamua timu ni yao, mpira unabadilika.

Shemeji254

Hamjambo nyote. Niko Nairobi, naunga mkono AFC Leopards, na Mgosi amenigusa pale penyewe.

Huku tatizo letu ni Uingereza. Kijana atakutajia kikosi kizima cha Arsenal cha mwaka 2004 waliomaliza ligi bila kufungwa, na hata hakuwa amezaliwa. Ukimwuliza nani anacheza namba tisa katika timu ya mtaa wake, ananyamaza. Simlaumu kwa kupenda mpira mzuri. Lakini Arsenal haimhitaji, nasi tunamhitaji.

Sisi Ingwe, yaani Leopards, ligi tulichukua mara ya mwisho 1998. Wenzetu Gor Mahia wamebeba nyingi tangu hapo, na bado siku ya Mashemeji, mechi yetu na Gor, wazee wetu wanakuja na vijukuu wao, ngoma za isukuti mbele. Halafu Agosti 2025, michuano ya CHAN ya wachezaji wa ligi za ndani Afrika, uwanja wa Kasarani ukajaa kwa ajili ya Harambee Stars, timu yetu ya taifa. Kumbe watu wapo! Yafaa waje pia siku isiyo na kamera.

MwananchiMuscat

Assalaam aleikum. Niko Oman kikazi, uwanjani siwezi, banda hakuna. Ada ya Yanga nalipa kwa simu, na mechi kubwa namtumia mpwa wangu hela ya tiketi, aende kwa niaba yangu. Naona nimo.

Swali langu ni jingine. Mei 2023 tunacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria, tunafungwa 2-1 nyumbani, na kuna Watanzania wamevaa jezi za wageni wanashangilia. Marudiano tukashinda 1-0 kwao, kombe tukalikosa kwa bao la ugenini. Mtu wa namna hiyo mnamweka wapi?

MzeeWaMzunguko (Temeke)

Mwananchi, waaleikum salaam. Hilo nalijua kwa uchungu wangu. Mwaka 1993 nilikuwa Uwanja wa Taifa, fainali ya Kombe la CAF, tumetoka sare Abidjan, Stella wakaja kutufunga 2-0 hapa hapa. Nikirudi Temeke watani walinipokea kwa vigelegele. Mmoja wao alikuwa kaka yangu, na usiku tulikula sahani moja.

Kwa hiyo utani siwezi kuuua, ndio ulioikuza Simba na Yanga zote mbili. Ila kumvalia mgeni jezi hakumfanyi mtu kuwa shabiki wa Simba. Huyo siku ile hana timu. Mei 2025 tulipokuwa fainali ya Shirikisho na Berkane ya Morocco, marudiano yakapelekwa uwanja wa Amaan, Zanzibar, waliovuka bahari wakaimba hadi mwisho ingawa 2-0 ya kule Morocco ilishatuelemea. Hao ndio nawahesabu.

Kadi bado naitanguliza, maana klabu isiyo na wanachama itaamuliwa na mwenye hela peke yake. Lakini Mgosi, lile swali lako la kupungukiwa nitalipeleka tawini. Tuna watu wa Tanga wanne pale, hakuna hata mmoja mwenye jezi ya Coastal.

BintiJangwani

Hata mimi wa Yanga sina, na mama yangu ni wa Pangani. Mgosi, jezi zenu zinapatikana wapi? Na msitegemee niwashangilie mkicheza na Yanga.

MgosiMkwakwani

Dada, siku ya Yanga shangilia Yanga yako, michezo mingine yote ya nyumbani njoo kwetu. Jezi ulizia klabuni kwenyewe, usinunue barabarani, ili hela ifike. Basi la alfajiri kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, linakuwahisha mechi ya saa kumi. Ukishuka uliza jukwaa la wenye ngoma, kila mtu Tanga atakuonyesha.

MnyamaMwanza

Na sisi Kanda ya Ziwa tuanze na Pamba Jiji, timu yetu ya hapa. Nani yuko Mwanza twende uwanja wa Kirumba mechi ijayo ya nyumbani? Mafuta ya jenereta wiki hiyo tutayageuza tiketi.