Meneja mgeni Mombasa: nani amfuate mwenzake, yeye au wafanyikazi?

Wadau salaam. Kuna hii hoja naisikia kila mahali siku hizi, bandarini mpaka mahoteli ya Nyali, ati kazi ni kazi, meneja awe katoka Nairobi ama China ama Ulaya haimhusu kujua mila za Pwani, yeye alete targeti na mshahara uingie kwa wakati, sisi ndio tujirekebishe. Mimi napinga. Lakini pia nawapinga wale wa upande wa pili wanaosema dawa ni kumpeleka semina ya utamaduni.

Tuanze na hizo semina. Nyingi zaegemea kazi ya Mholanzi mmoja, Geert Hofstede, aliyechambua majibu ya wafanyikazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM kati ya 1967 na 1973, akazipa nchi alama kwa mambo kama vile watu wanavyoukubali ukubwa wa bosi. Kazi kubwa, sikatai. Lakini mwajua sisi tuliwekwa wapi? Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zote fungu moja la Afrika Mashariki, alama moja! Sasa meneja asome slaidi hiyo kisha aingie godauni la Shimanzi akute Mgiriama, Mswahili wa Mji wa Kale, Mkamba, Mluo, na Mhindi kwenye hesabu, hiyo alama itamfaa nini jamani.

Godauni moja la chai nililofanya kazi, meneja alikuwa mtu wa kusema wazi, kwao hiyo ndiyo heshima. Siku moja akamfokea karani wetu, mzee wa watu, mbele ya vijana wa kupakia, ati hesabu ya magunia haiingiani. Mzee akajibu "sawa bosi", basi, hakugomba wala hakuandika barua. Mvua za masika zilipoanza paa likawa lavuja upande wa nyuma, mzee aliona, vijana waliona, hakuna aliyefungua mdomo mpaka chai ikarowa palleti nzima. Meneja akasema hawa watu hawana uaminifu, na nahisi ukimuuliza leo atakwambia watu wa Pwani wavivu, ile hadithi ya siku zote.

Ujuzi wenyewe wa kuongoza watu wa mila nyingine, kwangu uko hapo: kujua mtu akinyamaza anyamazia nini, na kumrekebisha aliyekuzidi umri pembeni, au umtume anayeheshimika azungumze naye kwanza. Amuulize tu nyapara, "hapa mtu akikosea mwamwambiaje?", dakika tano zatosha. Na mambo kama Ijumaa mchana, usipange kupakia kontena saa ya swala halafu ushangae watu wamepungua. Ama msiba: kwa Waislamu maiti aweza kuzikwa siku hiyo hiyo, ruhusa ya kujaza fomu na kungoja siku mbili haimsaidii mtu.

Wale wa "kazi ni kazi" wapenda kutaja sheria. Haya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yasema kabla hujamfuta mtu kwa kosa au kazi mbovu umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyikazi hapo. Kumbe sheria yenyewe yamtaka bosi asogee kidogo!

Na sisi tusijifiche. Kuna mtu huchelewa kila Jumatatu, akiguswa asema ni utamaduni wetu. Utamaduni gani huo? Wazee wetu wa majahazi walisafiri kwa kaskazi na kusi, ukichelewa upepo haukungoji. Huyo aambiwe ukweli, ila pembeni.

Kwa hivyo meneja ndiye ajifunze zaidi, kwa sababu kalamu ya kufuta kazi anayo yeye, mimi nikikosea mila yake nafukuzwa, yeye akikosea yangu naambiwa nivumilie. Anayeona sivyo aje na hoja, si matusi, na anieleze karani yule alitakiwa afanye nini.