Okok wameitwa Ardea tangu lini? Bubulcus imeenda wapi?

mkulima_ahero
Wadau wa ndege nisaidieni. Niko huku Ahero, trekta ikiingia kulima shamba la mpunga hawa ndege weupe wanakuja makundi kwa makundi, wanaifuata nyuma wakiokota panzi na vyura, sisi tunawaita okok, Kiswahili yangeyange. Kwa eBird, ile app ya kurekodi ndege, nimekuwa nikiwaandika kwa jina la kisayansi Bubulcus ibis, sasa nafungua orodha yangu napata Ardea ibis, tena wameongeza eti ni wa "magharibi". Ni ndege mwingine ama ni hawa hawa? Na hiyo ibis inatafuta nini hapo, si ibis tunamjua, yule wa kichwa cheusi na mdomo uliopinda anachakura kwa jaa la taka?

gaidi_wa_nakuru
Ni yule yule bosi, usifute kitu. Hapo kuna mambo mawili na watu huyachanganya. Kwanza zamani walihesabiwa spishi moja dunia nzima, 2023 eBird wakawatenga: wa magharibi ndiye wetu wa Afrika, yuko pia Ulaya na Amerika, wa mashariki ni wa kuanzia India mpaka Japani na Australia. Wakati wa kutaga wetu anapata rangi ya chungwa utosini, kifuani na mgongoni, yule mwingine rangi inafunika hadi mashavu na koo. Msimu ukiisha wote ni weupe tu na hapo siwezi bishana na mtu.

Pili ni jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, lile neno la kwanza kwa jina la kisayansi. DNA ilionyesha huyu anaingia katikati kabisa ya ukoo wa Ardea, karibu na yule mweupe mrefu wa ziwani, Ardea alba, kwa hivyo kumpa jenasi ya peke yake hakukuwa na msingi, 2024 wakamhamisha. Ama niseme wakamrudisha, maana Linnaeus mwenyewe, yule aliyeanzisha mfumo wa majina haya ya kisayansi, mwaka 1758 alimwita Ardea ibis, hii Bubulcus ni mtaalamu wa ndege Bonaparte aliileta 1855. Na hiyo ibis haitoki, sheria inasema jina la spishi lililotangulia ndilo linabaki hata kama halimfai ndege.

nyar_dunga
Sasa miaka 169 ya Bubulcus imeenda hivyo tu 😩 na ilikuwa imemkaa vizuri, kwa Kilatini ni mchunga ng'ombe.

Watoto wanaokuja kutazama ndege huku ufuoni huuliza mbona yangeyange mdogo yeye hajahamishwa na wote ni weupe. Yule ni Egretta garzetta, mwangalie, mdomo mweusi, miguu myeusi halafu vidole vya njano kama amevaa soksi. Wetu mdomo ni wa njano, mfupi, na shingo ameivuta ndani. Weupe si undugu jamani.

mzee_wa_darubini
Mimi kitabu changu kinasema Bubulcus na sinunui kingine, hawa wa DNA kesho watabadilisha tena.

gaidi_wa_nakuru
@mzee_wa_darubini 😂 endelea nacho mzee wangu, ndege ni huyo huyo, ukiandika ripoti tu weka majina yote mawili ndio mwenye kitabu kipya asipotee.

mkulima_ahero
Na zile rekodi zangu za zamani, nizibadilishe moja moja?

nyar_dunga
Hapana, eBird wanazibadilisha wenyewe kulingana na mahali ulipo, na Ahero ni wa magharibi tu. Wewe kama una picha ya mwenye rangi ya kutaga, iongeze.