Injini ya meli inarudije nyuma na haina giaboksi?

FundiKibuye: Habari zenu wazito. Mi ni makanika wa malori hapa Kisumu mwaka wa saba sasa. Juzi binamu yangu alikuja likizo, anafanya kazi kwa meli ya kontena, akanionyesha video pistoni imening'inia kwa kreni na mtu amesimama kando anaonekana kama mtoto. Anasema hiyo injini haina giaboksi wala klachi, imeshikana moja kwa moja na propela. Sasa ikitaka kurudi nyuma inafanya aje? Na inaanzishwa na nini, maana sijaona stata ya kuzungusha chuma kama hiyo.

MzeeWaInjini: Kijana umeuliza vizuri. Nilikaa baharini miaka 11 kabla nirudi nyumbani Nyakach. Inaanzishwa kwa upepo. Kompresa zinajaza matangi mpaka presha ya baa 30, upepo unaingia kwa silinda kwa zamu unasukuma pistoni chini, ikishika mwendo ndio mafuta yanaingia. Kurudi nyuma unakata mafuta, unangoja ipungue, unahamisha taimingi ya upepo na mafuta, unapuliza tena, krankshafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka upande ule mwingine. Basi. Na haina haraka, zile kubwa kabisa ni mizunguko kama 100 kwa dakika. Ya Emma Mærsk, meli ya 2006, ina silinda 14, kila moja upana sentimita 96, pistoni inasafiri mita 2.5, uzito wa injini yote tani 2,300.

WaZiwa: Boti yetu huku ziwani ni ndogo, giaboksi iko. Adui yetu ni gugumaji. Mwaka jana alamu ya joto ililia tukiwa katikati ya Ghuba ya Winam, kufungua streina, chujio la maji ya kupoza injini, nikapata mizizi imejisokota kama nywele na kasamaki kadogo ka ngege kamekwama ndani.

FundiKibuye: Asanteni sana, nimeelewa. Mzee moja tu, binamu anasema alamu ya moshi wa oili ililia wakakatazwa kufungua krankkesi, ile boksi ya chini yenye krankshafti. Mi kwa lori ningefungua hapo hapo nione bearing gani imeungua.

MzeeWaInjini: Usijaribu kabisa kijana wangu! Bearing ikichemka oili inageuka moshi, na ukifungua mlango umeipa hewa, inalipuka. Kwa meli ya Reina del Pacifico mwaka 1947 krankkesi zililipuka, watu 28 wakafa. Sisi tulikuwa tunazima tunatoka mle ndani, tunangoja nusu saa ama zaidi ipoe, na hakuna mtu anagusa boliti hata kapteni akipiga simu kila dakika.