Paka dume anakojolea rafu ya vitabu, na masika haya vitabu vimeota koga. Nianzie wapi?

nyumba_ya_pembeni

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, nyumba haiko mbali na bahari. Nina vitabu kama 300 kwenye rafu ya mbao ya ngazi tano, imeegemezwa ukuta wa nje. Paka wangu ni dume wa miezi 14, hajahasiwa. Wiki ya tatu sasa anasimama, anainua mkia na kurusha mkojo kwenye safu ya chini, hasa upande wa mlangoni. Safu hiyohiyo imeota koga ya kijivu kwenye migongo ya vitabu, na vitabu viwili vimelowa mkojo. Tena anakwangua majalada ya kitambaa.

Nimeshauriwa niweke naftalini kila ngazi, nipake mbao mafuta ya karafuu, na mkojo niufute kwa jiki. Kabla sijafanya hayo naomba wenye ujuzi mniambie kama ni sawa. Sitaki kumfungia nje ya chumba. Jioni nikisoma mkekani naye amejikunja pembeni, hiyo ndiyo raha yangu ya siku.

tabibu_wa_mifugo

Ndugu, yote matatu usiyafanye.

Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo, ni sumu kwa paka. Ini la paka halina nguvu ya kuvunja kemikali za aina hiyo kama letu, na damu yake huharibika upesi. Kidonge kimoja akikimeza kinatosha kumletea matapishi, ulegevu na fizi za rangi ya udongo. Isitoshe, naftalini hufanya kazi kwa mvuke, kwa hiyo inahitaji sanduku lililofungwa. Kwenye rafu wazi mvuke unatawanyika: wadudu hawafi, anayeuvuta ni wewe na paka.

Mafuta ya karafuu ni hatari kwa njia nyingine. Paka atajisugua kwenye mbao, kisha atajilamba manyoya, na hapo yanaingia tumboni. Dawa za usafi zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji zina tatizo lilelile. Na kama una dawa ya kupuliza wadudu, soma kibandiko: pemethrini ile inayotumika kwa mbwa bila shida humtia paka mtetemeko na degedege.

Jiki ikikutana na mkojo hutoa gesi inayochoma macho na kifua. Tena haiondoi kinachonuka. Mkojo wa paka una chembe za asidi ya yuriki zisizoyeyuka vizuri kwenye maji. Zikikauka hutulia, hewa ikiwa na unyevu harufu inaamka upya. Ndiyo maana sehemu uliyoiosha Februari inanuka tena Aprili.

Fanya hivi. Nyonya mkojo kwa kitambaa kikavu, ukikandamiza bila kusugua. Chukua sabuni ya unga ya kufulia, ile iliyoandikwa kuwa ina vimeng'enya (enzymes, vinavyovunja uchafu), kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Lowesha mbao na sakafu, acha dakika 15, futa kwa maji safi mara mbili, kausha kwa feni. Maji ya moto yanaua vimeng'enya, kwa hiyo usichemshe. Mbao ikishakauka kabisa, baada ya siku mbili tatu, ipake vanishi mikono miwili. Mbao tupu inanyonya mkojo kama sponji, hutaimaliza harufu.

Sasa chanzo. Akisimama, mkia juu unatetemeka, mkojo kidogo kwenye kitu cha wima: anaweka alama. Mlangoni ndiko harufu za paka wa nje zinakoingia, ndiko na yeye anakojibu. Mpeleke akahasiwe. Umri mzuri ni miezi mitano au sita kabla tabia haijaota mizizi, lakini hata sasa madume wengi huacha. Usitegemee kesho yake, homoni zinashuka kwa wiki kadhaa. Siku chache baada ya upasuaji weka karatasi zilizochanwa kwenye trei badala ya mchanga, ili mchanga usiingie kidondani.

Lakini akichuchumaa mara kwa mara, akajikamua, yakatoka matone au damu, au hakitoki kitu, hiyo si tabia. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba na huziba. Mpeleke siku hiyohiyo, maana anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Na usimpe panadol kwa maumivu. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Trei: paka mmoja, trei mbili, sehemu mbili tofauti. Beseni la sentimita 60 kwa 40 linafaa, mchanga uliochekechwa kina cha sentimita 5 hadi 7. Zoa kila siku. Hilo si la harufu tu: vijidudu vya toksoplazma vinavyoweza kutoka kwenye kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo ukizoa kila siku umevikatiza. Mjamzito asizoe yeye. Akilazimika, avae glovu.

karani_wa_maktaba

Daktari amemaliza upande wa paka. Mimi nizungumzie vitabu.

Ukungu hauletwi na paka, unaletwa na hewa iliyosimama. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa mfululizo, kuvu inaamka. Pwani wakati wa masika nje inapita 80 mara nyingi. Nunua kipima unyevu kidogo, ukiweke safu ya chini, si mezani. Lengo ni chini ya 60, na ukishindwa, basi angalau hewa itembee.

Rafu isiguse ukuta wa nje. Ivute sentimita 8, na safu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu. Usivishindilie vitabu: kidole kiweze kuingia kati ya kitabu na kitabu. Madirisha fungua kati ya saa sita mchana na saa kumi, jua likiwa limetoka. Ukifungua mvua imetoka tu kunyesha, unaingiza maji ndani. Jioni funga, washa pangaboi mwendo wa chini.

Kusafisha: vaa barakoa inayobana uso vizuri, glovu, toka nje kivulini, upepo ukupige mgongoni. Usiguse ukungu ukiwa mbichi. Ukiufuta hivyo unaupaka ndani ya kitambaa cha jalada, na hapo hautoki tena. Kitabu kikae penye upepo mpaka ule utando uwe unga. Halafu kibane kifumbe kabisa kwa mkono mmoja, na kwa brashi laini ya rangi, upana wa sentimita 5, fagia kutoka mgongoni kuelekea nje, ili unga usiingie kwenye kurasa. Jalada lifute kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti ya asilimia 70 na kukamuliwa. Jaribu pembeni kwanza, maana rangi za majalada ya kitambaa hutoka. Spiriti ya zambarau usitumie, inaacha doa. Kurasa hazipakwi spiriti.

Watu wengi huanika vitabu juani kama mpunga. Jua kali linapinda majalada, linageuza karatasi manjano na kuifanya ivunjike. Kivuli na upepo vinatosha.

Vitabu vilivyolowa mkojo una saa 48 kabla ukungu haujaanza. Visimamishe, vifunue kama feni ya mkono, kila kurasa 15 hivi weka karatasi nyeupe ya kunyonya. Gazeti lenye wino usitumie, wino unahamia. Badilisha kila saa mbili siku ya kwanza. Kikikaribia kukauka, kilaze chini ya tofali lililofungwa kitambaa usiku mzima, kinyooke. Kama huna nafasi leo, kifunge kwenye nailoni ukitie friza. Hapo umesimamisha muda. Harufu iliyobaki: ndoo kubwa yenye mfuniko, ndani yake bakuli la mkaa mkavu, kitabu pembeni bila kugusa mkaa, wiki mbili. Inapunguza sana, haimalizi. Kama nakala nyingine inapatikana madukani kwa bei ndogo, nunua nyingine.

Badala ya naftalini kwa wadudu, tumia friza. Mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa bila hewa, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko kabla ya saa 24, vinginevyo umande utatua kwenye kitabu chenyewe. Kile kisehemu cha barafu ndani ya friji ya kawaida mara nyingi hakifiki baridi hiyo. Na ujue friza inaua wadudu, ukungu inaulaza tu.

fundi_wa_mkonge

Kwa kukwangua, uko Tanga, mkonge umekuzunguka. Mtengenezee nguzo.

Paka hakwangui kwa hasira. Anavua maganda ya kucha, ananyoosha mgongo, na anaacha harufu ya nyayo. Kwa hiyo anataka kitu kirefu kisichoyumba. Nguzo ya kipenyo cha sentimita 10, urefu sentimita 90, juu ya ubao wa 50 kwa 50 wenye unene wa sentimita 2.5. Ifunge kwa skrubu nne ndefu kutokea chini ya ubao. Ikiyumba mara ya kwanza tu, hatarudi, na atarudi kwenye vitabu.

Kamba ya katani ya milimita 8. Ukizungushia sentimita 60 za juu unapata mizunguko 75, kila mzunguko unakula kama sentimita 34, jumla mita 25 na nusu. Nunua 27. Inuse kwanza: kamba nyingine hupakwa mafuta kiwandani zisioze, na zinanuka kama mafuta ya taa. Hiyo acha. Lowesha kamba kidogo kabla ya kuzungusha, ikikauka inakaza. Gundi ya mbao kila mizunguko kumi, misumari miwili tu, mwanzo na mwisho, vichwa vizamishwe ndani.

Iweke palepale anapokwangua, mbele ya rafu. Ukiipeleka kona ya nyuma ya nyumba haina kazi. Akishaizoea kwa wiki mbili tatu, isogeze kidogokidogo. Majalada ya kitambaa yapandishe ngazi ya nne na ya tano.

Jambo jingine: wapo wanaosimamisha miguu ya rafu kwenye makopo ya oili chafu kuzuia mchwa. Penye paka hapana, atakanyaga na kulamba. Acha uwazi kuzunguka rafu, kagua kila wiki kama kuna njia ya udongo inapanda ukutani au mguuni.

nyumba_ya_pembeni

Asanteni sana. Nimevuta rafu leo. Ukuta nyuma yake una alama ya maji mpaka usawa wa goti, rangi inabanduka, na kuna unga mweupe kama chumvi ukiugusa. Nipake rangi ya mafuta kuuzuia? Na kile kitabu chenye kurasa za picha zinazong'aa kimekauka kikashikana, nikipachike kisu?

karani_wa_maktaba

Ule unga ni chumvi kweli. Maji yanapanda kutoka kwenye msingi, yanafika usoni mwa ukuta, yanakauka, chumvi inabaki. Rangi ya mafuta itayafungia ndani yapande juu zaidi, na baada ya miezi utaiona inatoa malengelenge. Kama nyumba ni ya mawe na chokaa, plasta ya saruji nayo hufanya hivyohivyo: chokaa inapumua, saruji haipumui. Kwangua unga kwa brashi kavu, usiuoshe, kisha angalia nje: udongo au maua yaliyorundikwa juu ya msingi, bomba linalovuja, maji ya paa yanayodondokea hapo. Rafu ihamie ukuta wa ndani. Sentimita nane hazitoshi kwa ukuta kama huo.

Kisu hapana. Karatasi inayong'aa ina utando wa udongo mweupe na gundi, ikilowa na kukauka imefumbwa inakuwa ubao. Zilizoshikana pembeni tu, pitisha rula nyembamba ya plastiki taratibu. Zilizoshikana ukurasa mzima zimekwenda. Siku nyingine kitabu cha aina hiyo kikilowa, kifunue kabla hakijakauka hata kidogo, au kitie friza mara moja.

fundi_wa_mkonge

Ukihamisha rafu, ngazi ya pili acha nafasi wazi ya sentimita 40, uweke khanga iliyokunjwa mara nne. Akiwa na kiti chake kwenye usawa wa macho yako ukikaa mkekani, hatapanda juu ya ukurasa unaousoma. Khanga ifue kila wiki, ianike ikauke kweli.

tabibu_wa_mifugo

Nyongeza moja kwa vitabu vyenye utepe wa alamisho: ukate au uufunge ndani. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea nyuma, uzi ukishaingia hawezi kuutema, unashuka na kukunja utumbo kama kamba ya mfuko. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma yake, usiuvute. Mlete kama alivyo.